Nilidhani Unanisalimia

Mjini Darwen, huko upande wa Liverpool, mtu akikuuliza hali unamjibu "siyo mbaya," kisha kila mmoja anaendelea na safari yake, hata kama ndio kwanza umetoka makaburini kuzika. Waswahili nao husema "nzuri" kwanza, lakini baada ya hapo huvuta pumzi na kuongeza "ila tu," na baada ya hiyo "ila tu" ndipo unaposikia kwamba nyumba imeungua. Watu wa Darwen hawana "ila tu." Watakujibu siyo mbaya, wataitazama mvua, watasema leo afadhali kuliko jana, na moto nyuma yao unaendelea kuwaka. Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na kwa hesabu hiyo mji ule umejaa waungwana watupu.

Muungwana mmojawapo alikuwa Doreen Rigby, mjane wa miaka sitini na kitu, aliyekaa kwenye mtaa wa nyumba za mawe zilizobanana ubavuni mwa kilima. Mwingine alikuwa binti yake, Janine, ambaye adabu hiyo aliinyonya pamoja na maziwa.

Janine alikuwa na mtoto wa kike, Bobbi, mwenye mwaka mmoja na ushei. Baba yake Bobbi alikwenda Leeds kutafuta kazi, akapata kazi na mke, na hapo tumwache alipo. Janine akabaki na mwanawe, chumba na sebule vya kupanga, msaada wa serikali unaoingia kila mwezi, na kazi ya siku tatu kwa wiki kwenye duka la pai karibu na soko. Kazi ile aliipenda. Alipenda joto la tanuri asubuhi ya baridi, alipenda wale wazee wanaonunua pai moja ya viazi na kutaka utani wa pai kumi. Zaidi ya yote alipenda kwamba kulikuwa na mahali ambapo asipoonekana, watu wangeulizana Janine yuko wapi. Wanawake wengi waliolea mtoto peke yao wataelewa.

Lakini kazi hiyo ilisimama kwa mguu mmoja, na mguu wenyewe ulikuwa wa Doreen. Siku hizo tatu bibi alimchukua mjukuu asubuhi, akampakia kwenye kigari cha mtoto, akamteremsha kilima mpaka bwawa la bata, akampandisha tena, akamlisha, akamlaza, akamwimbia nyimbo ambazo nusu ya maneno yake alikuwa amekwishayasahau. Malipo hakutaka kuyasikia. Siku moja Janine alimletea mfuko wa vyakula kama shukrani. Jioni akaukuta mfuko uleule umewekwa mlangoni kwake, bila kugongwa hodi wala kuachiwa neno, na kesho yake mama na binti walizungumza habari za hali ya hewa kana kwamba mfuko ule haukuwahi kuwepo duniani.

Kila baada ya wiki kadhaa Janine aliitwa kwenye ofisi ya kazi, maana ukipokea msaada wa serikali, serikali nayo hutaka kukuona. Mshauri wake aliitwa Rukhsana Mirza, mwanamke wa makamo aliyevaa ushungi wa zambarau na kushika kikombe cha chai kilichokuwa kimepoa tangu asubuhi. Rukhsana hakuwa mkali. Kila mara aliuliza habari za kazi, akauliza kama saa zimebadilika, na mwisho akauliza: na mtoto je, mnamudu mambo ya kumwangalia? Janine alijibu, "Tunamudu, asante." Rukhsana alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akangoja, kisha akageukia kompyuta yake.

Mambo yakaenda hivyo mpaka siku Pauline Duxbury alipoingia dukani kununua pai.

Pauline alikuwa mlezi wa watoto aliyesajiliwa. Aliwalea nyumbani kwake, kwenye nyumba yenye geti la njano chini ya kilima, na mdomo wake haukuwa na breki. Alizaliwa Liverpool, na watu wa Darwen walilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini, kama vile ndiyo maelezo ya daktari kuhusu kwa nini mwanamke yule husema anachokiona.

"Mpenzi, mama yako ana nini?" akauliza, foleni yote ikisikia.

"Mama? Hajambo."

"Hajambo wapi? Nimemkuta juzi amekaa kwenye ukuta wa kanisa, kigari amekitia breki, uso mweupe kama huo unga wako. Nikamuuliza vipi, akaniambia anatazama mandhari. Mandhari gani? Mbele ya ukuta ule kuna duka la matairi."

Mzee mmoja kwenye foleni akacheka. Janine hakucheka. Alimfungia Pauline pai zake, akampa mbili zaidi bila kujua, na Pauline akazirudisha.

Saa nane alipotoka kazini hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkuta jikoni, birika linachemka, Bobbi yuko sakafuni anagonga sufuria kwa mwiko. Akamwambia aliyoyasikia. Doreen akasema Pauline anasema mengi. Janine akauliza kama ni nyonga. Doreen akasema nyonga ile ni ya tangu zamani, haina jipya, na chai inapoa. Kisha akasema Bobbi amelowa, akambeba, akapanda naye juu kumbadilisha, na Janine akasikia jinsi anavyopanda: mguu mmoja, kituo, mguu mmoja, kituo.

Taa nyekundu ya mashine ya simu ilikuwa inawaka na kuzima. Kwa kawaida Janine ndiye aliyemsikilizia mama yake ujumbe, maana Doreen na mashine ile hawakuwahi kupatana. Akabonyeza. Sauti ya msichana, ya upole kabisa, ikasema inapiga kutoka hospitali, kwamba wamepata salamu zake Bibi Rigby kuwa hata tarehe hii ya pili ya kubadilishiwa nyonga haimfai, na kwamba kwa bahati mbaya asipowapigia kufikia Ijumaa watalazimika kuliondoa jina lake kwenye foleni, na itabidi aanze upya kwa daktari wake. Ikamtakia siku njema.

Foleni ile Doreen alikuwa ameingoja muda mrefu kuliko umri wa Bobbi. Janine alilijua hilo. Alichokuwa hajui ni kwamba zamu ilifika, ikaambiwa irudi.

Akasikia kicheko ngazini, akatoka kuangalia. Mama yake alikuwa anashuka kwa makalio, kidato kwa kidato, Bobbi amempakata mapajani, na kila wakituama chini Bobbi alicheka kwa furaha na kutaka tena. Mtoto alidhani ni mchezo. Janine aliutazama ule mchezo mpaka kidato cha mwisho, na machozi yakamjaa, kwa sababu aliuona jinsi ulivyobuniwa. Mwanamke aliyeshindwa kushuka ngazi kwa miguu huku amebeba mtoto alikuwa ametafuta namna ya kushuka ambayo mtoto hataogopa.

"Umewakatalia mara mbili," Janine akasema.

Doreen akatazama mashine, akajua. "Ziliangukia siku zako."

"Mama."

"Ni wiki na wiki bila kunyanyua kitu. Ungefanyaje? Ungeacha duka. Nakuona asubuhi unavyotoka umepaka rangi ya mdomo. Sijakuona hivyo tangu yule wa Leeds. Sitakuwa mimi wa kukufutia."

"Ungeniambia."

"Hukuuliza."

"Kila siku nauliza. Kila siku naingia mlango huo nakuuliza mzima?"

"Na kila siku nakujibu," Doreen akasema, akamkabidhi mtoto wake.

Janine akasema basi, ataacha kazi kesho. Doreen akasema akithubutu, yeye hospitali haendi hata wakija na winchi. Huo ndio uliokuwa ugomvi wao, na aliyepita nje asingeujua, kwani hakuna aliyepaza sauti. Vikombe tu ndivyo vilivyooshwa kwa kelele zaidi ya desturi.

Aliporudi nyumbani Janine alipiga hesabu zote na zote zikampeleka palepale. Mama akipasuliwa, Bobbi hana wa kumwangalia, na bila wa kumwangalia Bobbi hakuna duka. Duka likienda, mama atajua limekwenda kwa ajili yake, na hatajisamehe. Mama asipopasuliwa, ipo siku atadondoka kwenye ngazi zile, na Bobbi akiwa mapajani. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa ilikuwa inatembea kwa miguu miwili mizima.

Kesho yake alimbeba Bobbi akashuka naye mpaka kwenye geti la njano. Aliianza habari yake kwa kuzunguka, kama anauliza kwa ajili ya rafiki, na Pauline akamwacha azunguke mpaka alipochoka. Ndiyo, alisema Pauline, nafasi ipo, watoto wawili pacha wanahamia Preston. Bobbi angeingia hata Jumatatu. Lakini yeye hulipwa mwezi mzima mbele. Si roho mbaya. Amewahi kulea watoto wa watu waliohama mji pasipo kuaga, na naye ana nyumba ya kulipia.

Janine akasema haidhuru, alikuwa anauliza tu.

"Kaa chini," Pauline akasema. "Wewe si uko kwenye msaada, na unafanya kazi? Serikali inarudisha sehemu kubwa. Nina mama watatu hapa wanarudishiwa. Unanilipa, nakuandikia risiti, unawapelekea, wanakurejeshea."

"Nimesikia," Janine akasema. "Kurejeshewa ni kwa aliyekuwa na cha kutoa kwanza."

"Kwa huo mwezi wa kwanza nao wana namna ya kukusaidia. Mwambie yule wako wa ofisini. Ila umwambie kwa mdomo, mpenzi, siyo kwa macho. Nyinyi watu wa huku mnadhani mtu akitazama chini vizuri, serikali itaelewa."

Miadi yake na Rukhsana ilikuwa Alhamisi. Njia nzima Janine alijifunza maneno. Alimwambia Bobbi aliyekuwa ndani ya kigari, akaliambia sanduku la posta, akayasema mbele ya kioo cha duka la viatu: naomba msaada wa gharama za malezi ya mtoto, naomba msaada wa gharama za malezi ya mtoto. Alipofika alikuwa anayajua kama sala.

Rukhsana akamkaribisha, akamchekea Bobbi, akauliza hali.

"Siyo mbaya," Janine akasema.

Akauliza habari za kazi. Kazi nzuri. Saa zilezile? Zilezile. Kisha akauliza lile swali lake la mwisho: na mtoto je, mnamudu mambo ya kumwangalia?

"Tunamudu, asante," Janine akasema.

Ungekuwa karibu ungemfinya. Sala yote ile aliyolisomea sanduku la posta ikabaki kooni, na ulimi ukaenda wenyewe kwenye njia yake ya kila siku, kama punda anayejua nyumbani. Rukhsana akamtazama, akangoja. Janine akatabasamu. Rukhsana akageukia kompyuta, akaandika, akamwambia basi, tutaonana. Janine akasimama, akavaa koti, akakigonga kiti na kukiomba radhi, akashukuru, akasukuma kigari mpaka mlangoni.

Pale mlangoni palikuwa na ngazi mbili tu za kuteremkia barabarani. Bobbi akaziona. Akanyoosha mikono juu, akaanza kurukaruka kwenye mkanda wake na kucheka, akitaka ashushwe kwa makalio kama kwa bibi yake.

Janine akageuza kigari. Mwanamume mmoja alikuwa ameshaanza kukikalia kile kiti. Janine akamwambia samahani, akamwambia tena samahani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamtoa mtu kitini.

"Nimekuongopea," akamwambia Rukhsana. "Hatumudu."

Baada ya hapo hakuhitaji sala. Yalitoka yote, nyonga na ukuta wa kanisa na duka la matairi, tarehe mbili zilizokataliwa, kesho Ijumaa, Pauline na mwezi wake wa mbele. Alilia, akaomba radhi kwa kulia, akapewa karatasi laini ya kufutia machozi, akaomba radhi kwa kuitumia. Rukhsana alisukuma kile kikombe pembeni na kusikiliza hadi mwisho.

"Janine," akasema. "Swali hili nakuuliza tangu ulipoanza kazi. Kila ukikaa hapo."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Janine akafikiri. Alitaka kumjibu kweli, na kweli yenyewe ilikuwa ya aibu kwa jinsi ilivyokuwa ndogo.

"Nilidhani unanisalimia," akasema.

Rukhsana akaweka mkono mdomoni. Alicheka, hakuweza kujizuia, kisha kicheko kikamtoka usoni akabaki anamtazama yule binti mwenye macho mekundu. Akamwambia kwamba mama yake mzazi, aliyetoka Gujrat akaja kuolewa Blackburn, akiulizwa hali huanzia kwenye kidole cha mguu na kupanda juu, na kabla hajafika magotini chakula kimeshaungua. Zamani alikuwa anamwonea haya. Sasa anaona heri.

"Lakini na mimi nina kosa," akasema. "Nilikuona huna raha. Nikasema nisimchimbe, atanichukia. Nimekaa na nyinyi mpaka nimekuwa kama nyinyi. Ningekuambia tu, hata kama hukutaka kusikia."

Akamweleza sasa, polepole, akigeuza kompyuta ili Janine naye aone. Kazi ya Doreen haikuwa na haki ya senti yoyote, hata angelea mapacha watatu, kwa sababu bibi si mlezi aliyesajiliwa. Pauline amesajiliwa. Kila mwezi Janine atamlipa Pauline, atatuma risiti kwa wakati, na sehemu kubwa itarudi pamoja na msaada wake. Asichelewe na risiti. Hapo ndipo watu wengi wanapoanguka. Kuhusu mwezi wa kwanza, lipo fungu la kumtangulizia mtu ambaye bila hilo atapoteza kazi. Hakuahidi kwamba litatoka, kwa kuwa mkubwa wake ndiye anayeamua, lakini ataandika sasa hivi, na ataandika vizuri. Alihitaji karatasi kutoka kwa Pauline yenye namba yake ya usajili na saa za mtoto.

Janine alishuka kilima akikimbia, kigari kikimtangulia, Bobbi akipiga kelele za raha. Alirudi na karatasi kabla ofisi haijafungwa. Ijumaa, akiwa dukani, simu yake ikalia. Limetoka, Rukhsana akasema, na Pauline atalipwa mwezi wa kwanza moja kwa moja. Mwenye duka akampa Janine ruhusa aondoke mapema na pai ya nyama aende nayo.

Njiani Janine alijiona amebeba habari njema kuliko zote alizowahi kubeba. Aliingia jikoni, akazisema zote kwa mkupuo, akangoja uso wa mama yake ufunguke.

Haukufunguka. Doreen aliisogeza pai kwenye sahani, akaisogeza tena.

"Kwa hiyo serikali itamlipa Pauline," akasema, "kwa kazi niliyoifanya bure."

"Siyo hivyo, Mama."

"Ni hivyo. Sina ubaya. Ni mlezi mzuri, ana bustani." Akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu. "Na mimi nitakaa na nani?"

Hapo ndipo Janine alipoelewa kwamba amekuja kumfukuza mama yake kazi. Alikuwa hajaliwaza kabisa. Siku zote alidhani yeye ndiye aliyekuwa akipokea na mama ndiye aliyekuwa akitoa, kumbe zile asubuhi tatu zilikuwa zinamtoa Doreen kitandani. Tangu mumewe Ken afariki hakuna kingine kilichomwamsha kwa saa maalumu.

Akavuta kiti, akakaa karibu naye kuliko walivyozoea kukaa. Akamwambia Jumapili ni zao, na alasiri za siku ambazo yeye yuko nyumbani, na mguu ukipona watashuka wote watatu kwenye bata. Akamwambia anamhitaji mzima kwa miaka mingi, siyo mgonjwa kwa wiki tatu zijazo. Doreen alisikiliza huku ametazama birika.

"Ken aliingia hospitali ile kwa miguu yake," akasema.

Kumbe na hilo lilikuwepo. Zile siku za kazi za Janine zilikuwa sababu ya kweli, lakini nyuma yake alikuwepo mwanamke anayeogopa, na kisingizio kizuri kilimwokoa asilazimike kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na huyu alificha maradhi na hofu pamoja, chini ya nguo za mtoto.

"Naogopa," Doreen akasema, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imeanza.

"Na mimi pia," Janine akasema. "Nitakupeleka, na ukifungua macho nitakuwa nimekaa hapo. Sasa ni saa tisa, wanafunga saa kumi na moja."

Akapiga namba mwenyewe, akampa mama yake simu. Doreen akanyoosha mgongo, akavaa ile sauti yake ya simu, yenye glavu nyeupe. Alisema ndiyo, ni yeye. Alisema anasikitika kwa usumbufu. Alisema Jumanne ya wiki ijayo, kama kuna aliyeahirisha, itamfaa sana, asante, hana neno lolote. Muda wote huo mkono wake wa pili ulikuwa umeshika mkono wa sweta la Janine, na aliukunja kwenye ngumi mpaka nyuzi zikavutika.

Jumatatu Janine alimpeleka Bobbi kwa Pauline. Alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alikuwa na blanketi, alikuwa na sungura wa kitambaa, alikuwa na hotuba. Bobbi alisimama mlangoni, akaona boksi la matofali ya mbao na mtoto mwingine ameshika tofali jekundu, akaingia. Hakugeuka nyuma. Pauline akamfanyia Janine ishara ya mkono kwamba aende, na Janine akaenda, akashika geti la njano na kulia pale nje kama mtoto aliyeachwa chekechea. Kisha akafuta uso, akaenda kuuza pai.

Jumanne asubuhi Bobbi alikwenda tena kwa Pauline, Janine akampeleka Doreen hospitali, akapasuliwa. Alasiri alipofumbua macho, Janine alikuwa amekaa pale alipoahidi, na koti lake bado linanuka mvua. Doreen alikuwa na rangi ya shuka. Muuguzi akaja, akampima, akauliza maumivu yakoje, na Doreen akasema siyo mabaya, asante. Muuguzi akatazama mashine yake, akamwongezea dawa bila kubishana naye. Naye alikuwa mtu wa hukohuko.

Walipobaki wawili, Doreen akamgeuzia Janine uso. Kisha akauliza alichokuwa anakitaka tangu alipozinduka.

"Bobbi alinililia?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ungekuwa uongo wa huruma, wa aina wanayoijua sana watu wa mji ule, na Janine aliuonja ulimini. Akaumeza.

"Hapana, Mama. Hakulia hata kidogo. Aliingia akacheza."

Doreen akageuza uso upande wa dirisha. Akasema vizuri, na akalirudia, vizuri, na kidevu kikaanza kutikisika.

"Pauline anasema wanaolia ni wale wasiojua kama watachukuliwa jioni," Janine akasema. "Yule hana wasiwasi na mtu. Hajawahi kusahauliwa jioni, wasiwasi huo angeujulia wapi? Ni wewe uliyemlea hivyo."

Mkono wa Doreen ulitambaa juu ya shuka, wenye sindano na mipira yake, ukautafuta wa Janine.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini?"

"Ulilia?"

"Nililia mpaka kwenye pai," Janine akasema. "Nimeshika geti la watu. Pauline alinichungulia dirishani."

Doreen akacheka, kicheko kikamuuma, akafumba macho mpaka kikapita. Kisha, polepole, kwa upande ule mmoja uliokuwa mzima, mwanamke yule aliyekatazwa kusogea akajisogeza kidogo kabisa kuelekea ukutani, akapangusa ile nafasi aliyoiacha kitandani kwa kiganja.

"Njoo," akasema.

Janine akatazama mlango. Akavua viatu. Akalala ukingoni, nusu ya mwili hewani, uso wake begani kwa mama yake, akinusa dawa na chini ya dawa ile sabuni ya siku zote.

"Watu walidhani nalea mjukuu," Doreen akasema juu ya nywele zake. "Yule ana mama yake. Mimi nilikuwa bado nakulea wewe."

Muuguzi alipita, akawaona wawili kwenye kitanda cha mmoja, jambo ambalo haliruhusiwi. Akaendelea na safari yake, kisha akarudi, akawafunikia na blanketi la pili.